Shikamoo ya Utosini

Juzi nilikuwa natoka Newala kurudi Masasi, basi likasimama Makote kupakia magunia. Nikachungulia dirishani. Kumbe kile kituo chetu cha malezi siku hizi ni ghala la korosho! Baraza lote limezibwa na magunia, mlangoni kufuli. Roho iliniuma, sikufichi.

Kwenye baraza lile tulikula ming'oko, mwenzangu, mpaka tukavimbiwa! Mizizi ya porini, inachemshwa kwenye sufuria kubwa, unamenya kwa vidole na kuchovya chumvi. Tulikaa kila namna ya watu: watoto wa magongo, watu wazima wa baiskeli za magurudumu matatu, wasioona, wasiosikia, na sisi tusio na ulemavu, tulioletwa makusudi tucheze na kufanya kazi pamoja. Mlezi wetu hakutaka kusikia mtu anasema "wale". "Wale kina nani?" alikuuliza, na wewe hujui pa kuuficha uso.

Mimi nilimfuata dada yangu, asiyesikia wala kusema tangu kuzaliwa. Nyumbani bibi yetu hakumtaka mbele za watu. Unajua kwetu: mtoto asiyewaamkia wakubwa hana malezi, basi. Dada akipita kimya mbele ya wazee, bibi aliona aibu ni yake. Wageni wakibisha hodi tu, utasikia, "Mwingizeni ndani huyo." Dada atakaa chumbani mpaka waondoke. Hilo lilinikera, na mpaka leo linanikera.

Pale kituoni alikuwepo mzee asiyeona, msuka vikapu, mdomo wake hauna breki. Siku za mwanzo dada alimpita. Mzee akasikia nyayo, salamu hakuisikia. "Alaa! Nani huyo anapita kama mbuzi? Kwenu hamfundishwi shikamoo?" Dada huyoo, anakwenda zake. Mzee akazidi kufoka, sisi mbavu hatuna. Mlezi alipomweleza, mzee akasema, "Sasa mimi simwoni, yeye hanisikii. Mleteni basi anishike." Dada akaonyeshwa: unachukua mkono wa mzee, unauweka utosini mwako. Hiyo ndiyo shikamoo. Mzee anakupigapiga kichwani taratibu, ndiyo marahaba. Haikuchukua muda, kituo kizima kikawa kinaamkiana hivyo, hata sisi wenye midomo yetu.

Msimu wa korosho ulipofika, bibi akaja kumtoa dada. Alikuja na hasira zake. "Huko anajifunza nini, na salamu yenyewe haijui? Akae nyumbani abangue korosho." Nikajua dada akirudi ni chumbani tena, tena safari hii moja kwa moja. Nililia pale pale mbele ya watu.

Dada hakujua kilichomleta bibi. Alimkimbilia kwa furaha, akapiga goti, akauchukua ule mkono mkavu na kuuweka utosini.

"Anafanya nini huyu?" bibi akauliza.

"Anakuamkia, bibi," mlezi akamjibu.

Bibi hakuutoa mkono. "Marahaba," akasema. "Marahaba, mjukuu wangu. Marahaba." Aliirudia mpaka mzee wa vikapu akaanza kukohoa. Kisha akafunga vizuri kanga yake, akarudi nyumbani peke yake. Tangu hapo, siku dada yupo nyumbani na wageni wakija, bibi mwenyewe ndiye alikuwa akituma, "Mwiteni mjukuu wangu aje awaamkie."

Bibi ametangulia, na mzee pia. Mlezi alihamia mbali, waliobaki wametawanyika. Dada ni mtu mzima sasa, naishi naye hapa Mkomaindo, Masasi, na adabu yake ni ile ile. Akikutana na mzee barabarani, anapiga goti na kuutafuta mkono wake. Wazee wa huku wanaurudisha haraka, wanadhani anaomba. Nami nakimbilia kueleza, "Samahani, anakuamkia." Hapo wanatabasamu, masikini, wala si watu wabaya. "Ooh, marahaba, marahaba," wanasema, na wananitazama mimi. Dada bado amepiga goti, kichwa amekiinamisha, anangoja.