Sauti ya marehemu Papa Feza na sarafu mpya

Leo nimesikia muntu tuliyemuzika akisifu sarafu ambayo imezaliwa wiki hii.

Musicheke. Ngojeni kwanza.

Nilikuwa kwa jirani yangu Mama Feza, tunaanika ndagala, wale samaki wadogo. Simu yangu ikalia. Kwenye grupu la mutaa, yule muuzaji wa kripto, zile sarafu za kwenye simu, aliyetuuzia ya kwanza, amerudi.

"Hii si kama ile ya kwanza," ameandika. "Ile ilikuwa ya wakubwa. Hii njo ya haki, wote tunaanza sawa."

Nikamujibu: mumebadilisha jina tu na rangi, maneno ni yale yale.

Akatuma odio. "Sikilizeni ushuhuda."

Nikaifungua, sauti juu.

Alikuwa Papa Feza, bwana ya huyu mama. Yeye njo alisifu ile sarafu ya kwanza mbele ya kufa, muuzaji akimurekodi. Kikohozi ni chake, kacheko ni kake. Lakini leo alitaja jina la hii mpya, vizuri kabisa.

Mama Feza akaacha ndagala. "Ndiyo, Papa," akaitika, kama vile anaitwa kutoka ndani ya nyumba.

Jua kali, lakini mimi nilisikia baridi.

Kumbe hawa watu hawaigi sarafu tu! Wanaiga kwa mashine mupaka sauti za wafu wetu.

Nikataka kufuta ile odio. Mama Feza akanishika mukono.

"Usifute. Mutoto wangu wa mwisho alizaliwa nyuma ya kifo, hajasikia sauti ya baba yake hata siku moja."

Sasa niambieni, wapendwa. Nimuachie hii odio ya uongo?