Bunduki Fupi Zilizotoka Makambako

Ukungu ulikuwa bado haujaondoka relini, nasi tulikuwa tukinywa chai ya rangi kwa viazi vya kuchemsha nyuma ya karakana ya silaha, Makambako. Mimi nilikuwa sajini, karani wa stoo. Obadia, mdogo wake mke wangu, alikuwa koplo, fundi wa silaha, mzaliwa wa Wanging'ombe. Tulikuwa tumewekwa hapo kusubiri amri ya kwenda Msumbiji, ambako askari wetu walikuwa wakiwasaidia jirani dhidi ya waasi. Mjini ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka yaliyokuwa matupu yalianza kujaa sabuni na mitumba, na mwenye lori alianza kuamkiwa kabla ya mkuu wa idara.

"Shemeji, unamenya kiazi kama unapekua faili," Obadia aliniambia. "Kitapoa."

"Na wewe nawa mikono kwanza. Unakula oili."

"Oili ndiyo afya yangu. Ninyi watu wa kalamu mtakufa kwa baridi hii."

Kapteni wetu alikuwa ameagiza bunduki za walinzi wa msafara zikatwe mitutu. Jina lake naliacha kwa kuwa watoto wake hawana kosa lolote. Sababu ya agizo haikuwa mbaya: mitutu mirefu ilikuwa ikinasa kwenye vyuma vya turubai, na askari akichelewa kuruka kutoka kwenye lori hufa. Nasema hivyo kwa haki. Sitaki kumwongezea mtu huyu kosa lisilo lake. Yaliyo yake yanamtosha.

Ubaya wa kuufupisha mtutu Obadia alinieleza akiwa ameishika bunduki mapajani. Bunduki za aina ile hujipakia zenyewe kwa nguvu ya gesi. Risasi inapokwenda, gesi kidogo huchepuka na kusukuma pistoni. Pistoni huirudisha bolti nyuma. Springi iliyomo kitakoni huisukuma tena mbele pamoja na risasi mpya. Mtutu ukiwa mfupi, gesi hutoroka kabla ya kumaliza kazi, na bolti hairudi vya kutosha. Fundi akiizidisha gesi kupita kiasi, bolti hurudi kwa kishindo hadi springi na kizuizi chake vinavunjika. Katikati ya hayo mawili pana nafasi finyu, na kila bunduki ina nafasi yake.

Ndiyo maana, baada ya kuzikata, alizipeleka uwanja wa shabaha moja baada ya nyingine. Alizungusha pete ya kurekebisha gesi, akapiga, akatazama ganda la risasi limeangukia wapi, akazungusha tena. Springi zilizolegea alizibadili. Bunduki ilipotulia mikononi mwake, aliweka nukta ya rangi nyekundu kwenye pete, ili hata askari asiyejua lolote aweze kuirudisha mahali pake baada ya kuisafisha. Kazi hiyo ilimchukua majuma kadhaa, na aliifanya bila kuharakishwa na mtu.

Kisha likaja gwaride la ukaguzi. Mkubwa kutoka makao makuu alikuwa anakuja, na Kapteni alipita mapema kutazama safu. Nukta nyekundu zilikuwa zimeelekea kila upande.

"Hizi ni nini? Bunduki au shanga za harusi?"

"Ni alama za gesi, afande," Obadia alijibu. "Kila moja ina kipimo chake."

"Katika kikosi changu hakuna silaha yenye tabia yake. Futeni hiyo rangi kwa petroli. Pete zote ziwe namba moja."

"Afande, zikiwa namba moja nyingine hazitajipakia."

"Koplo, unafundisha?"

Safu nzima ilicheka, kwa woga. Rangi ilifutwa. Pete zilisimama sawasawa, mkubwa akapita, akasifu unadhifu. Obadia aliomba siku mbili za kurudisha vipimo. Kapteni alikataa, akisema gwaride lingine litafuata Songea. Tuliondoka, tukapita Njombe mvua ikinyesha, na bunduki zikabaki jinsi zilivyosifiwa.

Tulivamiwa ng'ambo ya mpaka, adhuhuri, kwenye barabara ya mchanga.

Lori la mbele lilisimama. Risasi zilitoka kwenye nyasi upande wa kulia.

Wenzetu walijibu. Bunduki nyingi zilipiga risasi moja moja, zikakwama.

Nilisikia watu wakikoki kwa mkono na kutukana.

Obadia alikuwa chini ya lori letu. Alitambaa hadi kwa askari wa kwanza, akashika pete, akaigeuza kwa kukumbuka tu, maana rangi haikuwapo. "Piga!" Ikapiga mfululizo. Akaenda kwa wa pili. "Lete hapa, kaka, usiivute, lete!" Nayo ikapiga.

Alifika hadi kwa askari mmoja wa Kikinga aliyelala karibu na gurudumu la nyuma.

Hapo alipigwa risasi shingoni, akafa.

Waasi walikimbia kwa sababu bunduki alizozigusa zilifanya kazi. Kapteni alikuwa kwenye gari la mwisho, nalo halikupata hata tundu.

Baraza la uchunguzi lilipokaa, Kapteni alisema fundi ndiye aliyezirekebisha vibaya. Mimi nilisimama nikaeleza habari za gwaride. Niliulizwa kama nimesomea ufundi wa silaha. Nikasema sikusomea. Nikaambiwa niketi. Uamuzi ulikuwa uzembe wa fundi, na habari hiyo ndiyo iliyofikishwa Wanging'ombe, kwa mama aliyekwisha kumzika mume na sasa akapewa mtoto mzembe. Nilimweleza habari za gwaride, lakini neno la mkwe halikushinda la jeshi.

Miaka ilipita. Niliacha jeshi nikawa ofisa biashara, Makambako. Siku moja Kapteni, naye kastaafu na ana malori yake, aliingia ofisini kwangu kuomba leseni ya kuuza mafuta. Hakunitambua hadi nilipotamka jina la Obadia. Leseni yake niliisaini siku hiyo hiyo, maana alikuwa na sifa zote. Kisasi changu sikukitafuta kwenye mhuri wa Serikali. Nilipomkabidhi karatasi yake nikamwambia:

"Sasa huna shida na ofisi hii. Jumapili utakwenda nami kwa mama yake Obadia, useme mwenyewe. Usipokwenda, kila siku ya gulio nitasimama mbele ya kituo chako cha mafuta na kueleza ulivyofuta ile rangi."

"Sajini, vita vimekwisha."

"Kwako."

Alikwenda. Mama alitupokea baada ya ibada. "Kamwene," alisema, nasi tukaitikia. Mimi, kwa kuwa ni mkwe, nilikaa karibu na mlango. Kapteni alisema maneno machache, akitazama sakafu: fundi alimwonya, yeye akamlazimisha, na barazani alisema uongo.

Mama akauliza, "Alipokufa, alikuwa akikimbia?"

Kapteni hakuwa ameona; alikuwa gari la mwisho. Nikajibu mimi. "Hapana, mama. Alikuwa akiwatengenezea wenzake bunduki."

Ugali ulikuwa umekwisha kusongwa. Harufu ya maharage ilijaa nyumba. Katika nyanda hizi hata karani wa kodi aliyekuja kuchukua mbuzi alilishwa kwanza. Mama aliinuka, akafunika chungu.

"Baba, mvua inakuja," alimwambia Kapteni. "Nenda."

Alielewa. Nilimwona akichukua kofia, mtu mzima mwenye malori, akatoka na njaa mbele ya majirani waliokuwa wakitazama kutoka vibarazani mwao. Nilifurahi, na sioni sababu ya kuificha furaha hiyo.

Lakini hesabu nazijua. Uamuzi wa baraza haujafutwa mpaka leo, ingawa nimeandika hadi nimestaafu. Obadia hakuoa. Kapteni anaishi, na kituo chake cha mafuta kina taa nyingi. Mama alifariki akijua kwamba mwanawe hakuwa mzembe. Hilo moja nililipata. Mengine sijayasamehe, na sina nia hiyo.