Mgomo Uliosindikizwa Hadi Getini

Jumapili iliyopita majirani zangu wa huku Kagugu waligoma. Usishtuke, hakuna aliyetoka nyumbani kwake. Kamati ya mtaa imeweka geti kwenye kichochoro ambacho watoto wetu hupita kwenda shule, na sasa watoto wanazungukia barabara kubwa, katikati ya malori na pikipiki. Tulilalamika kwenye mkutano wa baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, tukajibiwa kwamba geti ni usalama. Basi tukakubaliana kwamba Jumapili, watu wakishatoka misa, kila mmoja ajiondoe kwenye kundi la simu ambamo mwenyekiti wa kamati hutoa matangazo yake, mwenyekiti abaki akijitangazia mwenyewe. Wakati ulipofika nikatazama simu yangu. Fulani ameondoka. Fulani ameondoka. Fulani ameondoka. Yaani huo ndio mgomo, rafiki yangu. Ulikwisha chai yangu ikiwa bado ya moto.

Nilikereka, nikaiweka simu mezani, na hapo nikamkumbuka bibi yangu. Kama unadhani sisi wa leo hatujui kugoma, ngoja nikwambie walivyogoma washonaji wa soko letu nilipokuwa mtoto, halafu utaamua mwenyewe nani wa kuonewa huruma.

Bibi alikuwa na cherehani yake kwenye baraza la soko moja upande wa Kicukiro, pale pale penye geti. Tangu asubuhi baraza lilikuwa linanguruma kwa pedali za cherehani, na harufu ilikuwa ni ile ya kitenge kipya kikipigwa pasi ya mkaa. Likizo nilishinda naye hapo. Kazi yangu ilikuwa kupuliza makaa ya pasi na kuokota vipande vya nguo chini, na vile vizuri nilivificha nitengenezee wanasesere wangu. Mchana tulikunywa chai ya maziwa yenye tangawizi mpaka inakukwaruza koo, na mandazi yaliyokuwa yakifika yamefungwa kwenye kitambaa. Bibi alilelewa Bujumbura, na Kiswahili alirudi nacho kutoka huko, kwa hiyo wateja wake wengi walikuwa watu wa maisha kama yake. Walikuja kupunguza suruali wakakaa mpaka jioni, wakisimulia mitaa waliyoiacha.

Goti lake la kulia lilikuwa bovu. Pedali aliikanyaga kwa mguu wa kushoto, na ngazi alizichukia kuliko kitu chochote duniani. Kanisani alikaa benchi la mwisho kwa sababu ya ngazi moja tu iliyokuwa mbele.

Sasa sikia. Wakubwa wa soko wakaleta habari kwamba soko linajengwa upya, na washonaji wote watapandishwa ghorofa ya juu kabisa. Baraza litakuwa la maduka ya vioo. Wenzake waliona hasara ya wateja, maana nani atapanda huko juu kwa ajili ya kifungo kimoja? Lakini kwa bibi haikuwa habari ya wateja. Kwake ghorofa ile ilikuwa mwisho wa kazi, na kazi ndiyo iliyokuwa inamtoa kitandani asubuhi. Alijua yeye, tulijua sisi, hata muuza ndizi wa getini alijua.

Mama mmoja aliyekuwa akishona sare za shule, jirani yake bibi hapo barazani, ndiye aliyepanga mgomo. Mkali huyo, mdomo wake ulikuwa na pini muda wote na bado alisema kuliko wote. Mkuu wa soko alikuwa ameitisha mkutano kwenye ukumbi wa nyuma. Mama wa sare akawaambia wenzake hivi: akishataja tu ghorofa, tunasimama wote, tunatoka kimya, hakuna neno, hakuna salamu, tunamwachia mabenchi. Wakakubali. Siku ile walivaa vitenge vya harusini, sijui kwa nini, lakini walipendeza sana. Mimi nilikaa karibu na bibi kwa sababu ndiye aliyehitaji bega la kuegemea.

Mkuu akaongea weee, akafika kwenye ghorofa. Mama wa sare akakohoa. Wakasimama wote kwa pamoja, na nakwambia kwa sekunde chache ilikuwa ni kitu cha kuogopesha. Kama wangetoka hapo hapo, mambo huenda yangekuwa mengine.

Lakini mlango ulikuwa mbele, nyuma ya meza ya mkuu. Na bibi, kwa kuwa ndiye mzee, walimpisha atangulie. Akajikongoja mpaka mezani, akasimama, akatoa mkono. Mama wa sare akamvuta kitenge kwa nyuma, akamnong'oneza kwamba tulikubaliana. Bibi hata hakugeuka.

"Mimi sitoki kwa mutu bila kuaga," akasema. "Kwetu nilitokaka bila kuaga mutu. Hiyo iko natosha."

Wote walijua anasema nini. Alikuwa mtoto mdogo wazazi wake walipokimbia nchi alfajiri, wakaacha moto unawaka jikoni, na jirani aliyewapa maziwa kila siku hakuagwa. Aliporudi akiwa mwanamke mzima, jirani yule hakuwepo wa kuagwa wala wa kusalimiwa. Bibi hakuwa mtu wa kulialia, lakini habari ya yale maziwa aliirudia mpaka sisi wajukuu tukaijua kama sala.

Basi akampa mkuu wa soko mkono, wa kushoto ameushikilia kwenye kiwiko kwa heshima, akamuuliza hali ya watoto, akamuuliza hali ya mama yake kijijini. Mkuu naye alikuwa amelelewa vizuri, ndiyo balaa lenyewe. Akajibu moja moja. Nyuma ya bibi, nani angepita bila mkono ilhali mzee ametoa wa kwake? Wakajipanga mstari mrefu, wagomaji watupu, wakimuaga mtu waliyekuwa wanamgomea, kama watu wanaopongeza maharusi. Mwisho kabisa mama wa sare, amenuna, mkono ameutoa kama anayelipa faini.

Halafu mkuu akainuka. Angemwachaje mwanamke mzee mwenye goti bovu atoke peke yake? Akamshika bibi mkono akamsindikiza. Tukatoka ukumbini hivyo: bibi na mkuu mbele, taratibu kwa ajili ya goti, na mgomo wote nyuma yao umevaa vitenge vya harusini. Wauza nyanya walipotuona wakadhani mambo yamekwisha kwa amani. Mmoja akapiga vigelegele. Nilitamani ardhi inimeze, na nilikuwa mtoto tu.

Haikuishia hapo. Mkuu alimsindikiza bibi mpaka getini, na getini ndipo lilipokuwa baraza la bibi. Kwa hiyo sasa yeye ndiye mwenyeji, na mkuu ni mgeni. Akamkalisha kwenye benchi la wateja, akamimina chai, akafungua kitambaa cha mandazi. Mama wa sare akaja akasimama mbele ya mgeni, mikono kiunoni.

"Nyakubahwa," akamwambia, yaani mheshimiwa, "sisi tumegoma. Tumetoka mukutano."

Mkuu akameza andazi kwanza. "Nimeona, mama. Mumetoka vizuri sana."

Unaona? Utampigia kelele vipi mtu wa namna hiyo? Akamuuliza bibi habari za goti, akasikiliza kwa makini, akatazama cherehani, akatazama umbali wa kutoka getini mpaka hapo. Halafu akasema, "Tuzareba, mukecuru." Tutaona, bibi mzee. Bibi akamsindikiza hadi katikati ya soko, kwa goti lile lile, na aliporudi uso ulikuwa unang'aa. Aliniambia kwamba kijana yule amelelewa, ameona kwa macho yake, hatatutupa. Mama wa sare alirudi kwenye cherehani yake akashona mpaka jioni bila kusema neno, na hilo halikuwahi kutokea.

Ghorofa ilipokwisha kujengwa, mvua za masika hazijakatika, cherehani zikapandishwa juu. Zote. Ila ya bibi tulikuja kuichukua kwa mkokoteni tukaipeleka nyumbani, ikafunikwa shuka la maua pale sebuleni, na redio ikawekwa juu yake. Mkuu wa soko alikuwa amehamishiwa mahali pengine wiki kadhaa kabla. Nilimsubiri bibi aseme kitu kuhusu baraza, kuhusu ahadi, kuhusu wale wa maduka ya vioo. Nilitaka akasirike, nami nipate ruhusa ya kukasirika. Alikaa karibu na dirisha, goti amelinyoosha juu ya kigoda, akasema mara moja tu.

"Yagiye adasezeye."

Mkuu yule ameondoka bila kuaga. Basi. Hilo ndilo lililomuuma, na hakulitaja tena mpaka tulipomzika.

Miaka mingi nilimkasirikia kwa ule mkono aliotoa. Jumapili nikiwa na simu yangu, wenzangu wote wameshaondoka, zamu yangu ikawa imefika. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Kikakataa. Nikaanza kuandika: Ndugu mwenyekiti, mimi na majirani hatukubaliani na lile geti, na kwa sababu hiyo naomba kukuaga. Poleni na kazi. Nisalimie watoto. Nilipotuma, tulikuwa tumebaki wawili, yeye na mimi. Akaweka picha ya dole gumba.

Nikaondoka. Geti limefungwa hadi leo, watoto wanapita kwenye malori. Mwenyekiti anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Jumapili ile nilisimama mlangoni kwangu muda mrefu, nikitazama kule kwake, lakini hakuna mtu aliyetoka kunisindikiza.