Kenya Iko Kulia kwa Karatasi

Bastola yangu ilikuwa ya silinda, ya mtutu mrefu, iliyotengenezwa kwa ajili ya kutoboa karatasi tu. Risasi zake ni nyembamba kuliko penseli. Nyundo yake haipigi katikati ya kitako cha risasi kama ilivyo kwa bunduki kubwa. Inapiga ukingoni, na mlio wake ni kama wa mtu aliyekanyaga kijiti kikavu. Niliipata kihalali. Mhandisi mgeni, ambaye nilimfanyia kazi ya ulinzi katika machimbo ya mawe ya Tororo, ndiye aliyenifundisha kulenga, na alipokuwa akirudi kwao tulikwenda polisi pamoja, kibali chake kikafutwa na changu kikatolewa. Namshukuru Mungu kwa ajili ya mtu yule, maana alinipa mchezo wa uzeeni.

Kanisani kwetu Sikuda, karibu na mpaka wa Kenya, waliniuliza mimi, msomaji wao wa ibada, nataka nini na bastola. Nilijibu kwamba wengine hucheza karata, wengine hufuga njiwa, mimi napiga karatasi. Mchungaji alicheka, akasema karatasi haina roho, basi hakuna dhambi.

Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku yetu. Rafiki yangu, polisi mstaafu aliyekuwa fundi wa silaha, alikuwa akija kutoka Kirewa na pikapu yake kutuchukua, mimi na mke wangu. Yeye aliniita Msomaji, mimi nilimwita Afande, na mke wangu alimwita shemeji. Bastola ilisafiri ndani ya sanduku lenye kufuli, risasi katika sanduku lingine, na funguo shingoni mwangu. Tulikwenda kwenye machimbo yaliyoachwa nje ya mji, ambako tulikuwa na ruhusa. Mbele ya ukuta wa mawe tulikuwa tumelundika udongo laini ili risasi isiruke ikaturudia.

Mke wangu hakuja kwa ajili ya kutupikia chai. Alikuwa macho yangu. Mimi bado naona vizuri kilengeo cha mbele cha bastola, lakini karatasi kule ng'ambo ni ukungu mweupe wenye doa jeusi, na tundu la risasi ndogo vile silioni kabisa. Yeye alikaa kwenye kiti nyuma yangu, mwavuli begani, darubini machoni, akaniambia kila risasi imeingia wapi. Mwanzoni Afande alitaka kumfundisha aite kwa mishale ya saa, kama walivyofanya wao polisi. Alikataa. Alisema saa ni ya kuangalia maharage yameiva. Karatasi, alisema, ni nchi: juu ni Tororo, chini ni ziwa, kulia ni Kenya, kushoto ni Iganga, na lile doa jeusi la katikati ni nyumbani.

Tangu siku hiyo hatukutumia lugha nyingine. Nikipiga chini, alisema nimelowa. Nikipiga kushoto kidogo na juu, alisema niko Bulumbi kwa dada yake, nisalimie. Nikienda kulia alifurahi zaidi.

"Umevuka mpaka bila kitambulisho, Mzee," alisema. "Rudi kabla hawajakushika."

Nami nilichukua bisibisi ndogo, nikazungusha skrubu ya kilengeo cha nyuma kidogo kuelekea Iganga, nikapiga tena. Akisema "nyumbani," sikuongeza kitu. Afande alikuwa akisema kwamba katika miaka yake yote ya kazi hakuona mwita shabaha mwenye jicho kama lile, na mke wangu alikuwa akimjibu kwamba ni kwa sababu polisi hawajawahi kuoa vizuri.

Ijumaa jioni nilifanya mazoezi mezani. Bastola ya namna hii haipendi kufyatuliwa ikiwa tupu, kwa sababu nyundo ikikosa kitu cha kupiga huharibu ukingo wa tundu. Kwa hiyo nilijaza maganda yaliyokwisha tumika, na mke wangu aliweka kifungo cha shati juu ya mtutu. Nikikivuta kifyatulio na kifungo kikianguka, alikirudisha, nikaanza upya. Afande alikuwa amelisugua jino la kifyatulio, lile linaloishika nyundo, kwa jiwe laini mpaka likawa linaachia kama uzi mkavu unaokatika. Alitaka pia kunilainishia springi ya nyundo, halafu akaacha. Springi ikiwa laini mno, alinieleza, risasi ya ukingoni hailii.

Basi, baada ya mvua za masika moja, karatasi zetu zilianza kuharibika.

Mke wangu aliita Kenya, nikarekebisha kuelekea Iganga. Aliita ziwa, nikapandisha. Aliita Kenya tena. Baada ya risasi sita tulikwenda kwenye karatasi na kukuta matundu yametawanyika kama mtama uliomwagwa kwa kuku. Wiki iliyofuata ikawa hivyohivyo. Wazo langu la kwanza, na Afande alikubaliana nami, lilikuwa kwamba silinda haikai sawasawa. Kila tundu la silinda linapaswa kusimama mbele ya mtutu bila kupishana hata unywele, na lisiposimama hivyo kila risasi huenda njia yake. Ni ugonjwa unaojulikana wa bastola za zamani.

Afande aliifungua juu ya gunia safi nyuma ya pikapu. Alikwangua masalio ya risasi yaliyoganda pale mtutu unapoanzia. Alibadilisha kijipini kinachoshika silinda. Nilipaka rangi ya kucha ya mke wangu kwenye tundu moja la silinda ili tujue lipi linakosea, na hatukuweza kujua, kwa sababu leo lilikosea hili na kesho lile. Nilisugua masizi ya baruti mikononi mwangu kwa mafuta ya taa na kuanza tena. Niliiombea hata springi, jambo ambalo sikumwambia mchungaji.

Msimu ukapita hivyo, tukitafuta kosa ndani ya chuma.

Jumamosi moja kulikuwa na manyunyu, na mke wangu alibaki ndani ya pikapu akimenya karanga. Afande aliweka mfuko wa mchanga juu ya meza, akaulaza mkono wake juu yake, akapiga risasi sita bila kugusa skrubu na bila mtu kumwitia. Tukatembea hadi kwenye karatasi. Matundu yote sita yangefunikwa na kizibo cha soda. Yalikuwa mbali upande wa Iganga, mahali nilipoyasukuma mwenyewe kwa bisibisi kila alipoita Kenya.

Afande aliitazama karatasi, kisha akaitazama pikapu.

"Msomaji," akasema, "bastola haina kosa."

 Mke wangu alikuwa ameteremsha kioo, akituuliza risasi zimeingia wapi. Nilimwambia zimeingia nyumbani. Akasema alijua, akaendelea na karanga zake.

Nikirudi nyuma naona dalili zilikuwapo, ila zilivaa nguo za kawaida. Aliniuliza mara moja mlio wa malori unatoka upande gani, na sisi tumeishi maisha yetu yote tukiyasikia malori yakipanga foleni kuelekea mpakani. Nilidhani anatania. Akienda kwa dada yake Bulumbi alianza kutaka asindikizwe, nami nikadhani ni magoti. Daktari wa Tororo alikuwa mpole. Alisema ubongo unachakaa, kwamba kuna vidonge vya kumsaidia alale vizuri, na kwamba hakuna cha kuurudisha. Nilimuuliza kama kuna mazoezi. Akasema nimtunze na nisimbishie.

Nimefundishwa kushukuru, na nilishukuru. Nyimbo za kanisani hazikumtoka hata moja. Sala aliianza na kuimaliza bila kuruka neno. Alinijua, na kwa hilo nilimshukuru Mungu kila asubuhi. Kila Jumamosi niliendelea kumpeleka machimboni, kwa kuwa alipenda. Aliniitia Kenya, nikasema asante Mama, nikashika bisibisi na kujifanya nazungusha. Afande aligeuka kando nilipofanya hivyo. Wakati mwingine aliniitia ziwa kabla sijapiga. Mimi niliyejua kurekebisha kitu kidogo kama upana wa unywele nilikaa pale na bisibisi mkononi, na hapakuwa na skrubu ya kuzungusha.

Halafu ikaja alasiri ya siku ya ibada. Nilikuwa nimerudi kutoka kanisani mapema, yeye amelala. Niliitoa bastola kuisafisha, nikaieneza mezani juu ya kitambaa, risasi zikiwa zimefungiwa chumbani. Nilikuwa nikipitisha brashi kwenye silinda nilipomwona amesimama mlangoni. Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu asiyejulikana. Kisha akapiga magoti, taratibu, kama wanawake wa kwetu wanavyompigia mgeni, akanisalimu kwa Kisamia, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya heshima ambayo hakuwa ametumia nami tangu siku za uchumba.

"Baba," akaniambia, "mwenye nyumba hayupo. Ameenda kanisani. Ni mtu wa kanisa, hana kitu. Ukimngoja, usimfanyie neno baya. Nakuomba."

Nikamwambia ni mimi. Nilikosea. Aliposikia hivyo akasema ndiyo, ndiyo baba, ni wewe, kama mtu anayekubali lolote ili asipigwe. Nikanyoosha mkono nimwinue, akainamisha kichwa chake chini zaidi. Mke wangu alikuwa akiniombea maisha yangu kwangu mimi mwenyewe, na sikuwa na jinsi ya kumpa alichoomba. Nikisema sitamuua mume wake, nimekubali kwamba mimi ni yule mtu. Nikisema mume wake ni mimi, namwongezea hofu.

Nilifunga kila kitu kwenye kitambaa, nikakirudisha katika sanduku la chuma la ukutani, nikatia kufuli. Nikapita mlango wa nyuma bila kumwangalia. Nilizunguka nyumba kwa upande wa mihogo, nikavaa tena koti langu la kanisani lililokuwa limeanikwa kwenye kamba, nikaja mbele, nikapiga hodi kwenye mlango wangu.

Alifungua haraka, akanishika mkono, akanivuta ndani.

"Mzee, umechelewa wapi?" akasema. "Kulikuwa na mtu hapa na bunduki. Nimekuombea, akaenda."

"Asante, Mama," nikasema. 

Jumatatu tulikwenda polisi. Afande alitupeleka. Njiani hakutaja bastola, alizungumza na mke wangu juu ya ng'ombe. Kituoni askari kijana aliyekuwa zamu aliniuliza kwa adabu kwa nini nairudisha silaha yenye kibali halali na safi namna ile. Nilimwambia mama anaogopa. Akamtazama mke wangu, aliyekuwa amekaa kwenye benchi akiwasalimia wote waliopita, akaniuliza kama nina hakika, kwa maana anaonekana hana hofu hata kidogo. Nikamwambia nina hakika. Akachukua sanduku. Akafungua silinda, akaizungusha, ikalia ule mlio laini wa silinda inayokaa sawasawa, ambao mimi na Afande tuliutafuta msimu mzima, akasema ni kifaa kizuri kilichotunzwa. Afande alitoka nje.

Nilidhani nimefanya jambo kubwa. Kwa kweli nilitarajia kwamba chuma kikiondoka, yule mtu ataondoka nacho. Lakini yule mtu hakuwa ndani ya sanduku. Mke wangu sasa, jua likianza kushuka, husogeza kiti chake karibu na mlango na kunizuia nisitoke hata kwenda kuwafungia kuku, akisema yule mtu wa bunduki anaweza kuwa mihogoni. Ananiuliza kama nimemwona. Nimejaribu kumwambia hakuna mtu, na akalia, kwa sababu anajua alichokiona. Nimejaribu kuomba naye, naye anaomba vizuri kuliko mimi, kisha anaamka kutoka kwenye sala na kuangalia dirishani.

Siwezi kumwambia ni nani aliyekuwa mezani. Nimeyakubali hayo mbele za Mungu na namwomba anihesabie kama uvumilivu, si kama uongo. Jana aliniuliza tena.

"Mama, ameondoka," nikamwambia.

"Ulimwona akienda?"

"Nilimsindikiza mwenyewe mpaka kituoni. Wamechukua bunduki yake."

Alifikiri juu ya hilo. Akauliza kama walimpiga. Nikasema hapana, walimtendea vizuri, walimpa kiti. Akasema ni vyema, kwa kuwa alipomwomba, yule mtu hakumjibu kwa ukali, alionekana ni mtu mwenye huzuni tu, na huenda naye ana watu wake mahali. Kisha akaniruhusu niende kufunga kuku, akasimama mlangoni akinitazama mpaka niliporudi.