Karibu Iliyoponyoka Uzunguni

Leo Jumamosi mvua imenikimbiza mpaka kwenye baraza la hoteli moja ya Uzunguni. Mara akaja mwalimu mmoja Mwafrika na mkewe, ambaye tangu harusi alikuwa ameahidiwa kula kwenye meza ya kitambaa cheupe. Boi wa meza, kanzu imekakamaa kwa wanga, akainama: "Karibu Bwana, karibu Bibi."

Ndani msimamizi Mzungu akakohoa. Boi akauzuia mlango. "Samahani, meza zimejaa."

Mwalimu akachungulia. Mezani hapakuwa na mtu. "Zimejaa nini, ndugu yangu?"

"Zimejaa, Bwana."

"Na ile karibu yako?"

Boi akatazama miguu yake. "Ile ni ya nyumbani kwangu. Imeniponyoka."

Nilifungua kinywa nifoke, maana uongo hunipandisha mori. Yule bibi akaniwahi. "Nyumbani wapi, kaka?"

"Magomeni."

"Basi tumeipokea. Mwambie wifi kesho aongeze mchele."

Wakarudi mvuani. Nimechoka, jamani, na mji wenye meza tupu zilizojaa. Kesho Magomeni watabanana mkekani, na hakuna atakayeambiwa pamejaa.