Friji ya Vitabu na Kurasa Kumi na Sita

Mtaani walimwita Mama Friji, ingawa hakuwahi kuuza hata kipande cha barafu. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi. Mumewe ndiye aliyekuwa fundi wa friji, na katika chumba chao cha mbele ilisimama friji moja kubwa nyeupe ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Fundi alikuwa "anaimalizia" tangu mtoto wao wa kwanza alipoota meno. Mtoto huyo sasa naye alikuwa mzazi. Ndani ya friji hamkuwa na maji wala mboga. Mlikuwa na vitabu.

Alianza kuviweka humo mwaka ule mchwa walipokula rafu ya mbao kuanzia chini hadi katikati. Mlango wa friji una mpira, alimwambia mumewe, hata sisimizi hapati pa kupenyea. Akaweka kisahani cha makaa chini yanyonye unyevu, na kila Jumamosi mchana akauacha mlango wazi kwa saa nzima ili vitabu vipumue. Mgeni aliyefika saa hiyo na kiu yake alipata tabu.

"Shemeji, nitolee basi kitu cha baridi," rafiki za fundi walimwambia.

"Cha baridi kipo," fundi aliwajibu kwa niaba yake, "lakini kina kurasa mia na kumi."

Wala hakukusanya kila kitabu. Alipenda vya wachapishaji wadogo, wale wanaochapa nakala mia moja au mia mbili katika chumba cha nyuma, kisha wakauza wenyewe mkono kwa mkono. Vitabu vyao alivitambua kabla ya kusoma jina: pini zilizoshika kutu, gundi iliyomwagikia mgongoni, jalada lililochorwa na mpwa wa mwandishi, na ule wino unaobaki kwenye kidole gumba. Alikuwa na kimoja chenye kikaratasi kilichobandikwa mwishoni: "Ukurasa wa arobaini tumekosea. Tusameheni, umeme ulikatika." Hicho alikipenda kama mtoto mtundu. Vitabu vya makampuni makubwa, alisema, haviombi radhi.

Kila kitabu kilikuwa na mstari wake katika daftari lenye mistari aliyoipiga kwa rula: namba, tarehe, mahali kilikopatikana, makosa ya chapa, harufu, na hali. Katika safu ya hali aliandika "kizima", "kimechanika jalada", "kimeliwa pembe". Daftari halikuwa na mstari uliopungukiwa na neno, isipokuwa mmoja. Safu ya hali ya kitabu cha tisa cha Konokono ilikuwa tupu kwa miaka kumi na tisa.

Konokono haikuwa kampuni hasa. Ilikuwa familia moja iliyochapa vitabu kumi na viwili na kuvipiga muhuri wa konokono nyuma. Cha tisa kilikuwa hadithi ya ndugu wawili waliogombania cherehani ya marehemu mama yao. Mama Friji alikinunua kwenye meza ya barabarani, akakisoma akiwa amesimama kazini, pasi ikipoa. Alipofika ukurasa wa thelathini na mbili, usiku wa manane cherehani inaondolewa mahali pake gizani, na haijulikani ni nani anayeiondoa. Akafunua. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa kumi na saba.

Alirudi nyuma, akaenda mbele, akahesabu. Fungu zima la kurasa kumi na sita lilikuwa limejirudia, kutoka kumi na saba hadi thelathini na mbili, na fungu la baada yake halikuwemo. Hadithi iliendelea ukurasa wa arobaini na tisa, na huko ndugu wale walikuwa wamekaa benchi moja wakicheka, mkubwa akiwa na bandeji mkononi. Nani alichukua cherehani? Mkono uliumiaje? Na walipatana vipi watu waliokuwa hawaachiani hata kivuli? Alikwenda nyumbani kwa Konokono kuuliza, akakuta wamehama. Akatafuta nakala nyingine meza hadi meza, mwaka hadi mwaka. Hakuna.

Nakala nyingine, kwa kweli, ilikuwepo hatua mia mbili kutoka kwake, kwa kinyozi.

Kinyozi huyo alikuwa na ugonjwa uleule wa vitabu vidogo, ila yeye alivipanga juu ya kioo ili wateja wavione. Kutazama ruhusa, kugusa mwiko. Alikuwa msemaji wa kupitiliza, na siku ya kwanza walipogundua kwamba wote wawili wana kitabu cha tisa, aliuliza mbele ya wateja wanne: "Dada, chako kizima?"

Mama Friji, ambaye hakuwahi kudanganya hata kuhusu doa la shati, alisikia mdomo wake ukisema, "Kizima kabisa. Chako je?"

"Changu? Kama kilivyotoka kiwandani!"

Basi ikawa hivyo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya hawa wawili ilichukua miaka kumi na tisa. Mara moja moja Mama Friji alijaribu kumchokonoa kinyozi apate angalau fununu.

"Ile cherehani, lakini," alisema kana kwamba jambo limemjia tu.

"Acha tu, dada!" Kinyozi alijibu, akatikisa kichwa kwa uchungu. Kisha yeye: "Na yule mama yao, eh?"

"Acha tu!" Mama Friji alisema, akihofia neno moja zaidi lisije likamfichua.

Mumewe peke yake ndiye aliyejua. "Mke wangu, nenda ukaazime kitabu kwa yule mtu, uyamalize," alimwambia. "Mficha uchi hazai."

"Nikamwambie nini? Kwamba nilidanganya mbele ya watu wanne?"

"Wawili kati yao walikuwa na sabuni masikioni. Hawakusikia."

Jumamosi moja, friji ikiwa wazi inapumua, mlango wa nyumba uligongwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mfuko wa turubai begani. Alijitambulisha kuwa binti wa wale wa Konokono. Baba na mama walikuwa wazima, alisema, wamezeeka tu. Bomba lilipasuka nyumbani kwao, likaharibu sanduku la vitabu vyote, na sasa yeye alitaka kuvichapa upya kimoja kimoja, baba angali anaweza kuvisoma. Kumi na kimoja alikuwa amevipata. Cha tisa bado.

"Nimeambiwa mama unacho, na kwamba ni kizima kabisa," alisema.

Mama Friji alihisi joto la pasi likimpanda usoni. "Ninacho," alisema. "Lakini cha kinyozi ndicho kizuri zaidi. Changu kina... kimechakaa. Nenda kwake."

Binti akaenda. Bisibisi ya fundi, aliyekuwa amelala chali nyuma ya mashine ya mteja, ilikuwa ikitikisika kwa kicheko.

Baada ya robo saa binti alirudi. "Mjomba anasema chako ndicho kimetunzwa. Anasema chake kimejaa nywele."

"Mwambie nywele zinapeperushwa. Mwambie nimesema mimi."

Binti akaenda tena. Akarudi akiwa na jasho. "Anasema hawezi kukushushia heshima, mama. Anasema mkubwa ni wewe."

"Mimi mkubwa? Yule ananizidi miaka sita!"

Fundi akatoka nyuma ya mashine, akakaa sakafuni na kufuta mikono kwa tambara. "Mama watoto," alisema, "huyu binti ataisha soli. Na baba yake anangoja."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomchoma. Mzee wa watu alikuwa anangoja kitabu chake, na yeye alikuwa anangoja kurasa kumi na sita, na kati yao umesimama uongo wa maneno mawili. Alikitoa kitabu kwenye friji, akakifunga katika kitambaa safi cha kazini, akavaa kandambili. "Twende," alimwambia binti. "Na usinicheke."

Kinyozi alikuwa na mteja kitini, mwenye duka la vipuri, amenyolewa nusu ya kichwa. Kuona kitambaa kile mkononi mwa Mama Friji, kinyozi aliizima mashine.

"Dada, karibu! Nilikuwa namwambia binti hapa kwamba—"

"Kaka, nilikudanganya," Mama Friji alisema. Alilisema haraka, kama mtu anayemeza dawa. "Miaka kumi na tisa. Changu hakina kurasa za thelathini na tatu hadi arobaini na nane. Sijui cherehani ilikwenda wapi. Sijui mkono uliumia vipi. Naomba chako huyu binti akichape, na nikae hapo kwenye benchi nisome kabla hajaondoka nacho."

Kinyozi alikaa kimya. Hilo peke yake lilimshtua mteja, akageuza shingo kutazama.

"Kurasa ngapi umesema?"

"Thelathini na tatu hadi arobaini na nane."

Kinyozi alipanda kwenye kigoda, akashusha kitabu chake, akakipuliza nywele, akampa bila kumtazama usoni. Mama Friji alifunua kwa vidole vya mtu anayekunja hariri. Thelathini na tatu ilikuwepo! Akaendelea hadi arobaini na nane, na baada yake... thelathini na tatu tena. Akarudi nyuma. Kumi na sita, halafu thelathini na tatu. Kumi na saba haikuwepo.

"Mimi sijui hata ugomvi ulianzaje," kinyozi alisema kwa sauti ndogo. "Nimefunua ukurasa tu, watu wanavutana cherehani gizani. Ya nani? Kwa nini? Nimekuuliza habari za yule mama mara ngapi, wewe unaniambia acha tu!"

"Wewe ndiye uliyeanza kusema acha tu!"

"Nilikuwa naona haya!"

"Na mimi nilikuwa nafanya nini?"

"Jamani," mteja alisema, "kichwa changu."

Hawakumsikia. Binti wa Konokono alikuwa amevichukua vitabu vyote viwili, ameviweka sambamba magotini, na uso wake ulikuwa umegeuka wa mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Ni mimi," alisema.

Akawaeleza. Vitabu vilifungwa juu ya meza ya chakula. Baba alikunja karatasi, mama alishona, na yeye, akiwa na miaka kumi, alizunguka meza akiokota fungu moja kutoka kila rundo. Marundo saba, raundi mia na ishirini. Siku ile alikuwa anaimba. Katika kitabu kimoja alichukua rundo la pili mara mbili, akaruka la tatu. Alipotazama, rundo moja limekuwa fupi kuliko jingine, na mama alikuwa na desturi ya kupima marundo kwa rula mwishoni. Basi katika kitabu kilichofuata alichukua la tatu mara mbili, akaruka la pili. "Marundo yakalingana," alisema. "Mama akanisifu. Akanipa hata biskuti."

Kinyozi ndiye aliyeanza kucheka, akafuata Mama Friji, ambaye kicheko chake watu wa mtaa ule hawakuwa wamekizoea. Kilitoka kwa vipande, kama bomba lenye hewa. Kati ya nakala mia na ishirini, mbili zilikuwa na kasoro, na mbili hizo ziliishi umbali wa hatua mia mbili zikioneana aibu. Cha kwake kilikuwa na fungu la ziada ambalo kinyozi hana. Cha kinyozi kilikuwa na fungu la ziada ambalo yeye hana.

"Nipe wembe mpya, mjomba," binti alisema. Sindano na uzi vilikuwa katika mfuko wake.

"Ngoja," Mama Friji alisema. "Kwanza nisome."

Alikaa kwenye benchi. Kinyozi akasema asome kwa sauti. Yeye, mtu wa sauti ya chini, alisoma. Usiku ule kila ndugu alikuwa amekwenda kuiba cherehani ili mwenzake asimtangulie. Walikutana gizani, kila mmoja ameshika upande wake akidhani amemshika mwizi, wakaibeba wote wawili hadi mlangoni wakitukanana kwa kunong'ona, hadi ikamwangukia mkubwa mkononi. Alipolia, mdogo aliijua sauti. Walikaa kizingitini hadi kukapambazuka, mdogo akimfunga mkono kwa kitambaa ambacho mama yao aliacha chini ya sindano, hakijamalizika kushonwa.

Mama Friji alikishusha kitabu magotini. "Kumbe," alisema. Neno hilo lilikuwa limengoja miaka kumi na tisa.

"Sasa za huko nyuma," kinyozi alidai.

"Zile sihitaji kitabu. Kila nikisoma nazisoma mara mbili." Na kweli alizisema karibu zote kwa kichwa, binti akikata nyuzi kwa wembe na kushona upya kandokando yake. Mteja alimalizwa kunyolewa katikati ya ukurasa wa ishirini na tano, lakini akakataa kuondoka kitini mpaka ajue mama yule aliiacha cherehani kwa nani. Hakuiacha kwa yeyote. Ndiyo maana waligombana.

Jua lilikuwa limeshaanza kulegea Mama Friji aliporudi nyumbani. Kitabu cha kinyozi ndicho kilichokwenda kuchapwa. Alisisitiza mwenyewe, ili jina la duka lake litajwe kwenye shukrani. Mama Friji alikirudisha cha kwake mahali pake, kati ya cha nane na cha kumi, akafungua daftari, akatafuta mstari wake. Safu ya makosa alikuwa ameijaza zamani kwa herufi ndogo: "fungu la pili limejirudia, la tatu halimo." Aliyafuta maneno hayo kwa mstari wa rula, taratibu. Katika safu tupu ya hali akaandika: kizima kabisa.

"Haya, niambie," mumewe alisema, akiwa amesimama mlangoni na bisibisi yake. "Nani alichukua hiyo cherehani? Miaka yote nimeishi nayo humu ndani kama mke mwenza."

"Kitabu kipo kwenye friji," alisema. "Ukinawa mikono."

Fundi alitazama mikono yake, akamtazama mkewe, akaenda kutafuta sabuni.