Chambo cha Bi Fatu Kilichofumuka

Upendo alimwaga mkekani mfuko wa vyambo vya bandia alivyovifunga Bi Fatu kwa uzi na manyoya. Vyote vilikuwa vimefumuka! Ndoano tupu huku, manyoya ya mkia wa mbuzi kule.

"Wamevirudisha, mama," alisema Upendo, binti kutoka kijiji cha Bungu, aliyetumwa na wenye kazi kupita Misima kila baada ya wiki mbili kukusanya vyambo. "Wale wanaovua kwenye maji mafupi kule Tanga wanasema vikionja chumvi tu, vinaachia."

Jamani, haiwezekani! Sampuli alizofunga mwezi wa Ramadhani zilikaa baharini wiki nzima, samaki wakazing'ata wee, wakidhani ni kamba wadogo wa baharini, wala hazikulegea. Ndizo zilizompa kazi hii, na kazi hii ndiyo iliyomweka nyumbani kwake. Tangu goti limkatae, jembe hashiki. Mwanawe Rehani, aliyeko Kwaluguru, alishasema kazi ikiisha tu anakuja kumchukua, nyumba ifungwe. Nyumba aliyoifyatulia matofali kwa mikono yake mwenyewe! Akakae kwa mkamwana, aombe hata chumvi? Afadhali afe.

"Nifunge kimoja hapa hapa, uone," alisema. "Mwanangu, nakuomba."

Upendo alitazama chini. Bi Fatu hakungoja ruhusa. Akabana ndoano kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania alichopewa na wenye kazi, akakata uzi, akaupitisha mdomoni kuulainisha, kama alivyolainisha ukindu wa mikeka tangu utotoni. Ghafla akauchomoa.

"Mate!" akapiga kelele. "Yarabi, ni mate! Ramadhani nilikuwa na swaumu, uzi sikuutia mdomoni. Idi ilipopita nikarudia ujinga wangu. Gundi itashikaje kwenye uzi uliolowa?"

Akautupa ule, akakata mwingine mkavu. Akafunga: shanga mbili za macho, manyoya meupe, uzi ukazungushwa mpaka karibu na tundu la ndoano, kisha tone la gundi. Walingoja ikauke. Akakitumbukiza kwenye bakuli la maji ya chumvi, akakivuta kwa koleo, akakivuta tena kwa hasira. Hakikuachia hata unyoya mmoja.

"Umeona? Umeona, mwanangu?" Alikuwa anacheka na kulia.

Upendo naye alikuwa analia. "Nisamehe, mama. Nafasi yako ameshapewa Grasiana, kule kwetu Bungu. Mimi nimetumwa kuchukua jiliwa tu."

Bi Fatu aliutazama mlango wake, akautazama ukuta wake. Akalegeza skrubu, akalifuta jiliwa kwa upindo wa kanga, akampa.

"Huyo Grasiana anasuka?"

"Anasuka vikapu, mama."

"Basi mwambie uzi asiutie mdomoni. Yeye hana Ramadhani ya kumwonyesha."